Nguzo za Nani, Fedha za Nani: Jibu kwa Mwenye Mashine ya Posho wa Busia

Swali: Nina mashine ya kusaga posho, yaani unga wa mahindi, hapa Busia, upande wa Uganda, mota ya kilowati 30. Jioni volti zinashuka, mota inanguruma bila kuzunguka. Redioni tunaambiwa bwawa la Karuma linazalisha umeme hadi unabaki. Kampuni binafsi iitwayo Umeme, iliyokuwa ikitusambazia, imeondoka, UEDCL ya serikali imeingia, bei imepungua kidogo tu. Kwa nini serikali isiruhusu kampuni tatu nne zishindane kama MTN na Airtel? Na zile dola milioni 118 ilizolipwa Umeme ni za nini, ilhali sisi ndio tuliolipa bili miaka 20?

Jibu: Ndugu yangu, hayo ni maswali matatu, lakini yana mzizi mmoja: fedha za kujengea laini zinatoka wapi, na anayezitoa anataka arudishiwe kiasi gani. Nianze na mfano wa simu, maana ndio unaowapoteza watu wengi.

Mnara mmoja wa simu unahudumia maelfu ya watu kupitia hewani. Ukichoshwa na kampuni unatoa laini hii unaweka ile, na hakuna anayechimba shimo. Umeme hauji hivyo. Kampuni ya pili ikitaka kukuuzia, lazima ipande nguzo zake kando ya zilizopo, ivute waya wake wa volti 11,000 au 33,000, itundike transfoma yake, kisha ivute kebo nyingine hadi kwenye mita yako. Wateja wakigawanyika nusu kwa nusu, kila kampuni itakuwa na laini nzima na nusu ya wateja, kwa hiyo sehemu ya bili inayolipia nyaya itapanda karibu maradufu. Baada ya miaka michache mmoja atamnunua mwenzake na mtarudi mlipokuwa, mkiwa na deni la nguzo za ziada. Hata simu zenyewe zimefika huko: minara mingi ya Uganda leo ni ya kampuni za minara, ambazo zinawakodisha MTN na Airtel waning'inize vifaa vyao kwenye chuma kimoja.

Uingereza mteja anaweza kubadilisha muuzaji wa umeme, ndiyo, lakini nyaya za mtaani kwake ni za kampuni moja ile ile. Wanachoshindania wauzaji ni kununua umeme wa jumla na kuandika bili. Kwetu, ambako mteja wa nyumbani analipa mapema kwa Yaka, mita ya malipo kabla ya matumizi, na wengi wanatumia uniti chache kwa mwezi, kwenye kuandika bili hakuna gharama nyingi za kupunguza.

Kwa hiyo ushindani wa umeme unatafutwa mahali pengine. Mpaka mwaka 2001 kila kitu kilikuwa chini ya Uganda Electricity Board, shirika lililoanza 1948. Sheria ya Umeme ya 1999 ilileta mdhibiti, ERA, na shirika lile likakatwa vipande vitatu: UEGCL kwa uzalishaji, UETCL kwa laini kubwa na ununuzi wa jumla, na UEDCL kwa usambazaji. Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa Afrika kusini mwa Sahara kufanya mgawanyo kamili namna hiyo. Kenya, hatua chache tu kutoka dukani kwako, ilibakiza Kenya Power, ambayo serikali inamiliki zaidi kidogo ya nusu na hisa nyingine ziko kwenye soko la hisa la Nairobi. Tanzania ilibakiza TANESCO, inayozalisha, kusafirisha na kusambaza chini ya paa moja. Ni njia tatu tofauti, na katika nchi zote tatu utatembea mtaa mzima bila kuona nguzo za kampuni mbili.

Baada ya mgawanyo, wazalishaji Uganda wakawa wengi: Bujagali ya megawati 250 mwaka 2012, mitambo midogo ya maji na jua iliyosaidiwa na mpango wa wafadhili uitwao GETFiT, viwanda vya sukari vinavyochoma makapi ya miwa. Huko mashindano yapo kiasi fulani, kwa sababu mwenye mtambo mpya anaweza kutaka bei ndogo kuliko mwenzake. Kwenye usambazaji kilichofanyika ni kushindania haki ya kuendesha: serikali inakodisha mtandao kwa miaka maalumu. Umeme Limited ilianza kazi tarehe 1 Machi 2005 kwa mkataba wa miaka 20, wanahisa wakiwa kampuni ya uwekezaji Globeleq na Eskom, shirika la umeme la Afrika Kusini. Baadaye Eskom ikajitoa, kampuni ya uwekezaji Actis ikaingia, na Novemba 2012 hisa zikauzwa kwenye soko la hisa la Kampala, kisha Nairobi. Hadi mwisho mmoja wa wanahisa wakubwa alikuwa NSSF, yaani akiba za wafanyakazi wa Uganda wenyewe. Watu wengi wanaoilaani kampuni ile hawajui kwamba pensheni zao zilikuwa ndani.

UEDCL haikufa wakati huo. Iliendelea kuwa mwenye mtandao kwa jina, na Umeme akawa mpangaji anayeendesha na kuongeza. Pembeni kulikuwa na wasambazaji wadogo waliopewa maeneo yao: WENRECo kule West Nile, kampuni ya Kalangala visiwani, ushirika wa Bundibugyo, wa Kyegegwa, wa Pader na Abim. Hao ni somo zuri kwa wanaodhani wasambazaji wengi ndio dawa. Mteja wa kijijini anayetumia uniti 15 kwa mwezi, nyumba yake iko mita 300 kutoka ya jirani, hawezi kulipia fundi, gari la fundi, na transfoma ya akiba. Msambazaji mkubwa anafidia hasara hiyo kwa viwanda vya Kampala, Jinja na Mukono, na mdogo hana kiwanda cha kumfidia. Maeneo kadhaa kati ya hayo yaliishia mikononi mwa UEDCL hata kabla Umeme haijaondoka.

Sasa tuingie kwenye fedha. Nitatumia hesabu ya mfano, si bei ya mradi wowote, ili uone jinsi mambo yanavyokwenda.

Chukua laini fupi na transfoma yake kwa shilingi milioni 100. ERA ikikubali kwamba uwekezaji huo ulihitajika na bei yake ni ya haki, msambazaji anaruhusiwa kurudisha vitu viwili kupitia bei ya umeme. Cha kwanza ni uchakavu: laini ikihesabiwa kudumu miaka 20, kila mwaka anarudisha milioni 5 za mtaji. Cha pili ni faida juu ya mtaji ambao bado haujarudi. Katika mkataba wa Umeme faida hiyo ilikuwa asilimia 20 kwa mwaka, ikihesabiwa kwa dola. Mwaka wa kwanza, basi, laini ile inadai 5 na 20, jumla milioni 25. Mkopo nafuu wa asilimia 8 ungeifanya laini hiyo hiyo, nguzo zile zile na mafundi wale wale, idai milioni 13.

Gawa sasa kwa uniti. Tuseme laini ina nyumba 50, kila moja uniti 30 kwa mwezi: hizo ni uniti 18,000 kwa mwaka. Kwa milioni 25, kila uniti inabeba shilingi 1,389 za nyaya peke yake, kabla hujalipia umeme wenyewe. Kwa milioni 13 ni shilingi 722. Ongeza mashine moja ya posho inayokula uniti 3,500 kwa mwezi, yaani 42,000 kwa mwaka, na jumla inakuwa 60,000. Mzigo wa nyaya unashuka hadi shilingi 417 kwa hesabu ya kwanza na 217 kwa ya pili. Hapo unaona kwamba mambo mawili yanaamua bei kuliko jina lililoandikwa kwenye gari la mafundi: gharama ya fedha, na wingi wa uniti zinazopita kwenye waya. Wewe mwenye mota ya kilowati 30 unampunguzia mzigo kila jirani yako, na ni hoja unayopaswa kuitumia. Nitairudia mbele.

Bila shaka bei haipangwi kijiji kwa kijiji. ERA inajumlisha mtandao wote wa msambazaji na kutoa bei moja kwa kila kundi la wateja wake, kisha kila robo mwaka inairekebisha kufuatana na thamani ya shilingi, mfumuko wa bei na bei ya mafuta duniani. Hilo la thamani ya shilingi liliumiza sana. Mwaka 2005 dola moja ilikuwa chini ya shilingi 1,900. Mwaka 2015 ilipita 3,500. Faida iliyoahidiwa kwa dola inalipwa na mteja anayechuma kwa shilingi, na hakuna fundi wala meneja anayeweza kulirekebisha pengo hilo kwa kufanya kazi kwa bidii.

Je, asilimia 20 ilikuwa wizi? Maoni yangu ni kwamba mwaka 2004 ilikuwa bei ya woga, na kosa kubwa lilikuwa kuiacha ilivyo wakati woga umekwisha. Mtandao ule ulikuwa unapoteza takriban asilimia 38 ya umeme ulionunuliwa, bili nyingi hazilipwi, na mara baada ya mkataba kuanza ukame ukashusha maji ya Ziwa Victoria, mgao ukaanza na majenereta ya dizeli yakaletwa kwa bei ya kutisha. Hakuna aliyetaka kuleta fedha bila faida kubwa na dhamana za Benki ya Dunia nyuma yake. Lakini kufikia 2018 upotevu ulikuwa umeshuka hadi karibu asilimia 17, makusanyo yamekaribia bili zote, na wateja waliokuwa takriban laki tatu mwanzoni walivuka milioni mbili kabla ya mwisho wa mkataba. Hatari ilipungua mwaka hadi mwaka, na faida ikabaki pale pale. Mkataba wa namna hii ukiandikwa tena, uwe na kifungu cha kupitia upya kiwango cha faida kila baada ya miaka mitano, na sehemu ya faida itajwe kwa shilingi.

Hapo ndipo dola milioni 118 zinapoingia. Mfikirie mtu aliyekodi bodaboda kwa miaka mitatu, na tajiri akakubali kwamba kila akiweka injini au tairi jipya, atalirudisha taratibu kutoka kwenye mapato. Mwaka wa tatu anaweka injini mpya. Mkataba unapokwisha injini bado inafanya kazi na fedha zake hazijarudi zote. Tajiri akiichukua pikipiki lazima amlipe salio, la sivyo mpangaji hataweka hata plagi mwaka wa mwisho. Bili zako za miaka 20 zililipia umeme uliotumia, uendeshaji, na sehemu ya mtaji iliyokwisha kurudi. Salio ndilo lililolipwa mkataba ulipokwisha tarehe 31 Machi 2025, kwa kiasi kilichothibitishwa na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, na serikali ilikopa benki kulilipa. Kampuni ilisema inadai zaidi sana ya hapo na ikapeleka mgogoro kwenye usuluhishi London. Ugomvi wa aina hii hutokana na maswali makavu ya kihasibu: mradi fulani ulipata kibali cha ERA kabla ya kujengwa au baada, nguzo zilizolipiwa na mteja ziliingizwa kwenye mtaji wa kampuni au hazikuingizwa, uchakavu ulihesabiwa kuanzia mwezi gani. Anayetaka kuuepuka siku nyingine, akague vitabu kila mwaka na pande zote mbili zitie saini salio. Kungoja mwaka wa ishirini ni kujitafutia mawakili.

Na lipo tatizo jingine ambalo halikupigiwa kelele. Mkataba unapokaribia mwisho bila uhakika wa kuongezwa, uwekezaji hupungua. Mwekezaji anaogopa salio litakataliwa, na serikali inaogopa salio litakua. Transfoma zinazopaswa kubadilishwa zinawekwa viraka. Aliyepokea mtandao Aprili 2025 alipokea pia viraka hivyo, kwa hiyo usimpime UEDCL kwa miezi yake ya kwanza peke yake. Mpime kwa jinsi atakavyopata na kutumia mtaji wa miaka mitano ijayo.

Siku UEDCL ilipoanza, bei ya nyumbani ilishuka kutoka shilingi 775.7 hadi 756.2 kwa uniti, ukiacha uniti 15 za kwanza za mwezi zilizokuwa zikiuzwa 250. Wateja wa viwanda walipata nafuu kubwa zaidi. Wewe ulitegemea zaidi, lakini sehemu ya usambazaji ni kipande tu cha bili. Kipande kikubwa ni ununuzi wa umeme kutoka UETCL, na hicho hakibadiliki kwa kubadilisha msambazaji.

Ndiyo maana Karuma haikusaidii kama ulivyotarajia. Ina mitambo sita ya megawati 100 kila mmoja na ilizinduliwa Septemba 2024. Nayo nchi ilivuka megawati 2,000 za uwezo, wakati matumizi ya saa za kilele yalikuwa yamevuka 1,000 kidogo tu. Lakini mkopo uliojenga bwawa hurudishwa hata maji yakipita bure. Mikataba ya wazalishaji wengi inasema: mtambo ukiwa tayari kuzalisha na mnunuzi hauhitaji, mnunuzi analipa vilevile. Kwa hiyo umeme wa ziada usiouzwa unapandisha bei ya ule unaouzwa. Dawa yake ni kuuza uniti nyingi zaidi kwenye nyaya zilizopo, na hapo tunarudi kwenye transfoma yako. Bwawa la megawati 600 linasubiri, na mota ya kilowati 30 inanguruma kwa sababu ya kipande cha waya mtaani. Nchi ilikopa mabilioni ya dola upande wa mabwawa na ikabana upande wa nyaya za chini. Kwangu hilo ndilo kosa kubwa zaidi la uwekezaji katika sekta hii, kubwa kuliko ile asilimia 20.

Upotevu nao uuelewe, maana ndio kipimo kitakachokuambia kama UEDCL inafanikiwa. Tuseme umeme wa jumla unanunuliwa shilingi 250. Ukipoteza 17 kati ya 100, uniti 83 zilizouzwa lazima zilipie 100: bei inakuwa shilingi 301 kwa uniti. Ukipoteza 38 inakuwa 403. ERA huweka lengo la upotevu na kumruhusu msambazaji kurudisha gharama hadi hapo tu. Lengo likiwa 16 na yeye akapoteza 20, kwa bei hiyo ya 250 anaruhusiwa kutoza 297.6 kwa uniti lakini anauza uniti 80, kwa hiyo kila uniti 100 alizonunua anabaki na pengo la shilingi 1,190. Kwa uniti bilioni moja ni shilingi bilioni 11.9. Kampuni binafsi inalifidia pengo kutoka mfuko wa wanahisa, na ndiyo sababu Umeme ilikimbilia Yaka kuanzia 2011 na kebo zilizosokotwa pamoja, zisizotobolewa kirahisi na wezi. Shirika la serikali likipata pengo hilo, nani analia? Mara nyingi hakuna anayelia mwaka huo. UETCL hailipwi kwa wakati, mzalishaji naye anachelewa kulipwa, na mwishowe Hazina inaziba. Ukitaka kujua hali ya UEDCL, acha hotuba, tazama asilimia ya upotevu na siku ambazo UETCL inasubiri kulipwa.

Fedha za serikali ni rahisi kwa riba lakini zina miguu mizito. Ununuzi unafuata sheria ya ununuzi wa umma, PPDA, mkopo unapita Bungeni, na transfoma iliyoungua leo inasubiri zabuni. Mambo mawili yangeokoa hali. Kwanza, fedha za uchakavu zinazokusanywa kwenye bili zibaki akaunti maalumu ya mtandao, zisiguswe kwa mishahara wala kuchukuliwa na Hazina. Pili, mikataba ya ununuzi wa transfoma, nguzo na mita ifungwe kwa miaka kadhaa, bei ikijulikana, ili ghala liwe na akiba ya ukubwa unaotumika sana: kVA (kipimo cha uwezo wa transfoma) 50, 100, 200 na 315. Laini zilizojengwa kwa ruzuku za wafadhili na zile za mpango wa umeme vijijini hazipaswi kudai faida hata shilingi moja kwenye bili, lakini matengenezo yake lazima yawemo, na hapo ndipo vijiji vingi vimedhulumiwa: laini imezinduliwa kwa ngoma, fungu la kuitunza halipo.

Wazo lako la ushindani lina mahali pake padogo. Viwanda vikubwa vinaweza kununua umeme moja kwa moja kutoka laini kubwa, hasa kwenye maeneo ya viwanda. Vinapendelea hivyo, na vina haki ya kutafuta bei nzuri. Lakini kila kiwanda kinachotoka kinaacha nyaya za mtaani zilipiwe na waliobaki, yaani wewe na nyumba zile 50. Kikitoka bila kuchangia ada ya nyaya, faida yake inatoka mfukoni mwako. Ruhusa hiyo itolewe pamoja na ada.

Haya, mashine yako. Mota ya kilowati 30 ikifanya kazi kamili huvuta ampea (kipimo cha mkondo wa umeme) 53 hivi kwa kila fezi, yaani kila mmoja wa nyaya tatu zinazoleta umeme. Transfoma ya kVA 100 inatoa ampea 139 kwa kila fezi, kwa hiyo peke yako unachukua zaidi ya theluthi. Zinabaki 86, na jioni nyumba zikiwasha pasi, birika na majiko, fezi moja inaweza kujaa wakati nyingine mbili zina nafasi. Omba mafundi wapime ampea za kila fezi kati ya saa moja na saa tatu usiku. Tofauti ikiwa kubwa, kuhamisha nyumba chache kutoka fezi moja hadi nyingine ni kazi ya siku moja na haihitaji bajeti ya Kampala.

Angalia pia umbali. Kebo ya alumini ya milimita mraba 50, ukiwa mita 800 kutoka transfoma, inakupotezea takriban volti 23 kati ya 240 mota ikiwa na mzigo, karibu asilimia 10. Nguvu ya mota ya kuanza kuzunguka hufuata volti kwa mraba: volti zikibaki asilimia 75, nguvu inabaki asilimia 56, na ndiyo hiyo ngurumo unayoisikia. Mota ikikwama hivyo izime mara moja. Ikinguruma dakika chache waya zake za ndani zinaungua.

Kama unawasha moja kwa moja, mota inadai mara sita ya ampea za kawaida, zaidi ya 300. Tumia stata ya sta-delta, kiwashio kinachoanza na muunganisho wa sta wenye volti ndogo kisha kuruka kwenda delta wenye volti kamili; inashusha ampea hizo hadi theluthi. Lakini nguvu ya kuanza nayo inashuka hadi theluthi, kwa hiyo kinu kiwe kitupu, usimwage mahindi kabla stata haijaruka kwenda delta. Volti zikiwa dhaifu mno hata hiyo itashindwa, na utahitaji stata laini ya kielektroniki. Kapasita yenye ukubwa wa kvar 10 hivi kwenye mota itapunguza ampea kutoka 53 hadi 48. Usizidishe ukubwa wake, kwani ikizidi, volti hupanda ghafla unapozima mota na kuua kapasita yenyewe.

Usikubali fundi wa mtaani abadilishe fyuzi ya transfoma kwa kipande cha waya. Fyuzi iliyoungua inakuambia transfoma imezidiwa au fezi haziko sawa. Waya mnene ukiwekwa, kitakachoungua ni transfoma. Angalia kama waya wa ardhi chini ya nguzo bado upo, maana huibwa sana kuuzwa kama chuma chakavu, na bila huo kizuia radi juu ya nguzo ni pambo tu.

Ombi la kuongezewa uwezo liandike kwa hesabu: namba ya transfoma, ukubwa wake, ampea ulizopimiwa saa za kilele, uniti unazotumia sasa kwa mwezi, na uniti utakazotumia volti zikikaa sawa. Waweke na wenye welding, wenye friji za samaki na kinyozi, kila mmoja na uniti zake. Barua inayosema "tunateseka" ni moja kati ya maelfu. Inayosema transfoma ya kVA 200 itauza uniti 5,000 zaidi kila mwezi ni mradi ambao mhandisi anaweza kuupeleka ERA kuombea kibali. Ukiambiwa uchangie nguzo, pata kwanza makadirio ya maandishi yenye muhuri, na maandishi mengine yakieleza kama mchango wako utarejeshwa na kwa njia gani, kwa sababu laini ikishawashwa ni ya mtandao, hutakuwa na haki ya kuing'oa. Pokea namba ya malalamiko na tarehe. Usipojibiwa, nakala zote peleka ERA, na baada yao kuna Baraza la Migogoro ya Umeme lililoundwa chini ya ile ile Sheria ya 1999. Huko hawasikilizi ngurumo ya mota. Wanataka tarehe, ampea na barua.